Unga wa Mumbua

Unga wa ngano ukipikwa pamoja na chumvi hutoa harufu ambayo si ya chakula na si ya kitu kingine. Huanza kama uji unaotaka kushika chini, halafu mafuta yanaingilia, halafu chumvi inakukwaruza kooni kabla hata hujaonja. Mwezi uliopita, hapa Kikima, asubuhi moja ya ukungu wetu huu wa Mbooni unaoingia mpaka chumbani bila kubisha hodi, mwalimu wa mwanangu aliandika kwenye kundi la wazazi kwamba kila mtoto aje shuleni na donge la unga wa kuchezea lililotengenezwa nyumbani. Hakutaka plastisini ya dukani. Wazazi wenzangu wakaanza kuulizana vipimo. Mimi sikuuliza mtu. Nilitoa sufuria, nikapima vikombe viwili vya unga na kimoja cha chumvi, nikamimina maji na vijiko viwili vya mafuta, nikashika mwiko. Unga ulipoanza kuachana na sufuria na kujikusanya katikati, harufu ile ikapanda. Nilizima moto nikaketi. Mwanangu akaniuliza kama nimeungua. Nikamwambia hapana, niko sawa, alete chombo cha kuweka.

Sikuwa sawa, na ninyi nitawaambia kwa nini.

Nililelewa Kyuso, kaskazini ya Kitui, mahali ambapo mvua ikija watu wazima hutoka nje wakanyeshewa makusudi. Baba alikuwa fundi wa kujenga, akihamahama kwenye miji ya barabara ya Mombasa na kuonekana nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hivyo nyumba yetu ilikuwa ya wanawake wanne: Susu, yaani nyanya yetu mzaa baba, Mama, mimi Mwende, na mdogo wangu Mumbua. Jina la Susu lilikuwa Wayua. Sisi Wakamba humpa jina hilo msichana aliyezaliwa wakati wa njaa, na Susu alilibeba jina lake kama mtu aliyeajiriwa kulilinda. Punje moja ya mahindi ikianguka kwenye vumbi, aliinama na mgongo wake ule mbovu akaiokota, akaipuliza, akairudisha. Ukimwaga ndengu, hukula mpaka ya mwisho ipatikane. Hata tonge la ugali lilitakiwa kufinyangwa mara moja tu na kwenda mdomoni. Ukilifinya mara ya pili, alikutazama. Ukilifinya mara ya tatu, alisema maneno yake mawili, "Chakula hakichezewi," na siku hiyo hukuongezwa mboga.

Nilipokuwa na miaka tisa, Mumbua akiwa na minne, kulitokea jambo ambalo kwa muda mrefu sikuweza kulisema. Jioni moja Mama alikuwa ameenda maji na Susu alikuwa anafungia mbuzi. Mimi niliachiwa kazi mbili: angalia uji, angalia mtoto. Nje, wenzangu walikuwa wanacheza mchezo wa kati na walikuwa wamepungukiwa na mtu mmoja wa kurusha mpira. Nilitoka. Nilijiambia ni kidogo tu, na kweli ilikuwa kidogo tu, mipira minne au mitano. Nilichosikia kwanza ni mlio wa sufuria ikianguka. Kilio kilikuja baadaye kidogo, na ule muda wa katikati ndio ninaoukumbuka zaidi.

Uji wa mtama hauachii ngozi haraka. Ulimshika Mumbua mkono wa kulia, kuanzia kiganjani mpaka juu ya vidole. Alikaa hospitalini wiki tatu, na Mama alikaa naye. Mimi nilibaki na Susu nikisubiri kuchapwa. Nilisubiri siku ya kwanza, nikasubiri ya pili, nikasubiri wiki nzima. Nilikuwa tayari kabisa. Usiku nilikuwa navaa sketi mbili. Hakuna aliyenichapa. Hakuna hata aliyeniuliza nilikuwa wapi. Susu aliniamsha, akanipa uji, akanituma kuni, akanifunga vifungo vya yunifomu nyuma, na suala la sufuria halikutajwa. Nawaambia ukweli, nilitamani sana fimbo.

Mumbua aliporudi, kidonda kilikuwa kimefunga lakini vidole vilikuwa vinajikunja kidogo kidogo kuelekea kiganjani, kama jani la kunde likipigwa na jua. Tulimrudisha hospitalini kumwona mtaalamu wa viungo, mwanamume mrefu mwenye sauti ya polepole aliyemwita Mumbua "bosi". Mimi nilikuwepo, nimebeba mfuko wa nguo. Alimweleza Mama kwamba ngozi mpya hujivuta yenyewe, na kwamba mtoto asipofinya na kukunjua vidole kila siku, vitajifunga hivyo hivyo moja kwa moja. Hapo itabidi apasuliwe na madaktari wa Nairobi, na hata wao hawatamwahidi kitu.

"Afinye nini?" Mama akauliza.

"Kitu laini, cha uvuguvugu. Kile watoto wa mjini wanachezea."

"Udongo tunao mwingi tu."

"Udongo hapana, mama. Ngozi hii bado ni nyembamba, itaingia uchafu. Tumia unga. Unga wa ngano, chumvi, mafuta kidogo, upike mpaka ushikane. Chumvi iwe nyingi ndiyo usiharibike."

Mama alimvuta Mumbua karibu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Unga wa kula?"

"Wa kula. Lakini huu hatakula."

Sijui kama mtu ambaye hakuishi Kyuso mwaka ule anaweza kuelewa uso wa Mama njiani tukirudi. Mvua mbili zilikuwa zimekataa. Ndengu zilichipuka zikafika kifundoni zikasimama hapo. Watu walikuwa wanapanga foleni ya mahindi ya msaada, na katika foleni hiyo alikuwepo kila mtu tuliyemjua. Unga wa ngano tuliuona Krismasi, na Krismasi nyingine hatukuuona. Na sasa Mama aende dukani anunue unga wa chapati ili mtoto aufinye.

Aliununua. Aliutia kwenye debe la mfuniko, akaukalia kama kuku. Jioni ya kwanza alifunga mlango, akasema upepo unaleta vumbi, akapika lile donge juu ya makaa kama alivyoelekezwa. Likatoka jeupe, laini, linang'aa kwa mafuta. Mumbua alipoliona alipiga mayowe akakimbilia chini ya kitanda. Ilituchukua muda kumwelewa: lilikuwa jeupe kama bendeji za hospitalini. Mama akakaa akafikiri, akachukua kopo la binzari, akanyunyiza, akakanda tena. Donge likawa la manjano kama kiini cha yai la kienyeji. Hapo Mumbua akatoa kichwa.

Susu alipoelezwa mambo haya hakugomba. Alichukua kigoda chake akatoka nje. Kuanzia siku hiyo, kila donge lilipotolewa, Susu alienda kukaa na mbuzi, na tulimsikia akiwaambia maneno, lakini hatukujua ni maneno gani.

Na mimi je? Nilikaa mbali, kwenye kona ya kuni, nikijifanya nasoma. Kama mngeniuliza wakati ule, ningesema nina wivu. Mimi sikuwa nimeonja chapati tangu Krismasi ya mwaka juzi, na huyu mtoto anapewa unga achezee. Hayo ndiyo niliyojiambia. Ambalo sikujiambia ni kwamba sikuwa nimewahi kuutazama ule mkono tangu bendeji zitoke. Mumbua akija upande wangu, mimi nilikuwa na jambo la kufanya upande mwingine.

Jambo baya ni kwamba unga haukusaidia kitu. Kufinya kulimuuma, na Mumbua hakuwa mjinga. Alifinya kwa mkono wa kushoto. Mama, akiwa ametoka kuteka maji mbali na mgongo unamwaka moto, alimbembeleza, akamkaripia, akambembeleza tena, na mwisho wote wawili walilia. Tuliporudi hospitalini, yule mtaalamu alipima vidole na kirula chake cha plastiki, akaandika, akapima tena. Hakumwita bosi. Alimwambia Mama, "Mwezi mmoja zaidi. Kama hakuna mabadiliko, nitaandika barua ya upasuaji."

Jumatano ya wiki iliyofuata, akina mama wa kanisa walikuja nyumbani kwetu kuombea ule mkono. Ilikuwa desturi yao, kila Jumatano nyumba moja, na kwetu walitazamiwa saa kumi. Walifika saa tisa. Walikuwa watano, na kiongozi wao alikuwa Mama Kaluki, mwanamke mnene, mwema, asiyeweza kukaa kwenye kiti cha mtu wakati kuna jiko la mtu. Popote alipoenda aliingia moja kwa moja jikoni, akafunga leso kiunoni, akashika kazi. Watu walimpenda kwa hilo na walimwogopa kwa hilo hilo, kwa sababu alichoona jikoni mwako leo, kesho kilikuwa kimefika soko la Kyuso.

"Mwende, mamako ako wapi?"

"Ameenda maji."

"Na Susu?"

"Ako nyuma, kwa mbuzi."

"Basi tusiwasumbue. Wacha tuwawekee chai."

Nilimfuata. Alipuliza makaa, akateleka maji, akatazama huku na huku. Juu ya meza ya jikoni kulikuwa na bakuli lililofunikwa kitambaa kibichi. Akafunua. Donge la Mumbua lilikuwa pale, la manjano, limetulia, limepumzishwa vizuri chini ya kitambaa kama vile kila mwanamke wa Ukambani anavyopumzisha unga wa chapati. Na ninyi mnajua kwetu malenge yakipatikana huwa tunafanyia nini: yanachemshwa, yanapondwa, yanakandwa na unga, na chapati zinatoka za rangi hiyo hiyo.

Mama Kaluki aliguswa. Niliona macho yake yakilegea. "Mwende," akasema, "mamako ametuwekea chapati za malenge? Mwaka huu?"

Hapa ndipo nilipotakiwa kusema kweli. Lilikuwa neno moja. Lakini ningesema nini? Kwamba unga huu ni wa kuchezea? Nimwambie Mama Kaluki, ambaye Jumatatu nilimwona kwenye foleni ya mahindi na gunia lake limekunjwa kwapani? Hiyo ilikuwa sababu moja, na ni sababu nzuri, na nimewahi kuwasimulia watu hadithi hii nikaitaja hiyo peke yake. Sababu ya pili ni kwamba alikuwa ameshatia mafuta kwenye kikaango, na mafuta yale yalinukia.

"Eeh," nikasema. "Ni za malenge."

Akasukuma kwa chupa ya soda. Alilalamika kidogo kwamba unga ni mzito, akajijibu mwenyewe kwamba malenge ndivyo yalivyo. Zikatoka chapati saba, ndogo, nzuri kuliko chapati zozote nilizowahi kuona. Akazipanga kwenye sinia, akazipeleka kwa wenzake, na kabla ya kuzigusa akaomba. Aliomba maombi marefu. Alimshukuru Mungu kwa nyumba hii ambayo, katika mwaka kama huu, kwa dhiki kama hii, haikusahau wageni. Mimi nilisimama nyuma ya mlango na kipande changu mkononi, nikasema amina.

Kisha wakauma.

Nimeishi miaka mingi tangu wakati huo na sijaona tena adabu kama ile. Kikombe kizima cha chumvi kwenye vikombe viwili vya unga, na hakuna aliyetema. Walitafuna. Walitafuna polepole, wakitazama mbele, kila mmoja akiwa peke yake duniani. Mmoja akasema chai ya nyumba hii ni tamu, kama anaweza kuongezewa. Mwingine akaomba maji. Wa tatu akaomba maji. Kisha mmoja akakumbuka kwamba ana watoto nyumbani ambao hawajaonja chapati muda mrefu, akafunga yake kwenye pembe ya leso, na ghafla wote wakakumbuka watoto. Mama Kaluki, ambaye mwanawe wa mwisho alikuwa ameshaoa, akafunga yake pia. Na mimi nyuma ya mlango nilikuwa nimeuma kipande kikubwa, ulimi umekauka kama ngozi iliyoanikwa, na nikakimeza chote.

Hapo ndipo Mama aliingia, mtungi mgongoni, mkwa, ule mkanda wa kubebea, ukiwa umemkaza paji la uso. Aliona wageni, akaanza kutabasamu, akaona sinia. Tabasamu likabaki pale pale bila kazi.

"Karibu kwako, Mama Mwende," Mama Kaluki akasema. "Tumejihudumia." Akasita. Alikuwa mwema, lakini alikuwa binadamu. "Lakini hizi chapati... leo zimefanya nini?"

Nilijua Mama hawezi kusema uongo. Alikuwa mtu wa kusahihisha hata chenji iliyozidi. Nilimwona akifungua mdomo, na nikajua atasema, na kesho Kyuso yote itajua kwamba kwa mke wa fundi, watu wanapolala na uji wa chumvi, watoto wanachezea unga wa ngano. Na nikajua kwamba akishasema hivyo hatapika tena lile donge, kwa aibu, na vidole vya Mumbua vitajifunga.

Susu alipita katikati yetu. Hata sikujua ameingia saa ngapi. Alienda mpaka kwenye sinia, akachukua chapati iliyobaki, akaikata, akala. Alitafuna kipande chote akakimeza bila hata kupepesa jicho. Kisha akaketi.

"Ni chumvi," akasema. "Ni mimi. Nilitia, nikasahau, nikatia tena. Macho yameenda, na kichwa kinafuata."

Mniamini nikisema kwamba Susu hakuwa anasema uongo hata ule mdogo wa adabu. Ukimwambia umeshiba na hujashiba, aliona, akakwambia. Lakini alikaa pale na mikono mapajani akawaangalia akina mama wa kanisa mmoja mmoja, na kicheko kikapasuka. "Woi, Susu, ulitaka kutumaliza!" Walicheka mpaka wakafuta machozi, kwa furaha ya kuruhusiwa kusema kwamba zilikuwa mbaya. Wakauombea mkono wa Mumbua. Wakayaombea pia macho ya Susu, ambayo yalikuwa yanaona mwewe akiwa juu ya kilima cha pili. Walipoondoka, nusu ya mtungi wa maji ilikuwa imeenda nao.

Mama na Susu wakatoka nje, wakasimama karibu na zizi, wakazungumza. Niliwaona kupitia mlangoni. Susu ndiye aliyekuwa anasema. Niliketi kwenye kona ya kuni nikaweka mikono tayari, kwa sababu safari hii nilikuwa na hakika.

Susu aliporudi, alienda kwenye sanduku lake la mbao chini ya kitanda akatoa pakiti ya unga wa ngano ya kilo mbili ambayo haikuwa imefunguliwa. Aliikabidhi kwa Mama. Akaniambia nifunge mlango. Nikaufunga.

"Kuanzia leo kazi hii ni yako," akasema. "Kila jioni kabla ya kula, wewe na Mumbua. Utakaa hapo naye na unga, mpaka vile vidole vifunguke."

Nikasema ndiyo, Susu. Nilielewa vizuri kabisa. Fimbo niliyoingoja ilikuwa imefika, na ilikuwa ndefu: kila jioni, wakati wenzangu wako nje, mimi niufungue ule mkono niliouharibu, kidole kimoja kimoja.

Jioni ya kwanza nilikaa chini na donge katikati yetu. Mumbua akaniwekea mkono wake mapajani bila kuombwa. Ulikuwa mwekundu kidogo, laini mno, unang'aa mahali pengine kama chungu kilichopakwa mafuta, na ulikuwa na uvuguvugu kama mkono wowote. Sijui nilitarajia nini. Nilikata unga, nikamwambia nitamfanyia mbuzi. Mbuzi akatoka kama kiatu. Mumbua akacheka, akasema huyo ni kiatu, na kwa hasira ya kusahihisha akanyoosha mkono wa kulia akamfinya yule mbuzi miguu. Aliposikia maumivu akaurudisha. Lakini alikuwa ameshafinya.

Basi nikajifunza kufanya wanyama wabaya. Nilifanya ng'ombe wasio na vichwa, nikafanya ngamia ambaye nundu ilikuwa tumboni, na Mumbua hakuweza kuvumilia, aliwatengeneza wote. Baadaye niligundua mchezo mwingine. Nilificha ndengu kumi ndani ya donge na yeye azitafute kwa vidole vya kulia tu. Susu hakuwa anaenda tena kwa mbuzi. Alileta kigoda chake ndani, akakaa karibu na taa, na zile ndengu kumi zilitakiwa zirudi kwake kumi. Alizihesabu, akazisuuza chumvi, akazitia kwenye chungu cha usiku. Jioni nyingine tulicheka mpaka Mama akatuambia tushushe sauti. Na mimi, nafikiri ni katika wiki ya pili, nilisahau kwamba nilikuwa naadhibiwa.

Mwezi ulipoisha, yule mtaalamu alipima kwa kirula chake, akapima tena, akaita mwenzake aje kuona. Vidole vinne vilikuwa vimefunguka. Kile kidogo kilibaki kimepinda, na kimepinda mpaka leo. Mumbua ni fundi cherehani kule Kasikeu, na husema kidole hicho ndicho kinachomshikia pindo. Hakukuwa na barua ya Nairobi. Mtaalamu aliuliza nani amekuwa akimfanyisha mazoezi. Mama akanionyesha kwa kidole. Yule mwanamume mrefu akaninyooshea mkono, akanisalimia kama mtu mzima, na mimi nikatazama sakafu, kwa sababu hakujua anamsalimia nani.

Mengine niliyaelewa pole pole nilivyokua. Nilielewa kwamba mlango ulifungwa kwa ajili ya majirani, na upepo hauna hatia. Nilielewa kwamba ile pakiti kwenye sanduku ilikuwa ya Krismasi, na kwamba Susu alikuwa ameinunua kwa pesa za kuku wake alizoweka kidogo kidogo. Susu alitangulia mbele ya haki nikiwa chuoni, na tulimzika msimu wa mvua.

Baada ya asubuhi ile ya sufuria hapa Kikima sikutulia. Wiki mbili baadaye nilienda Kyuso. Nilimkuta Mama anapepeta ndengu, nikachukua ungo wa pili nikakaa karibu naye, na tulipokuwa tumefika nusu ya gunia nikamwambia: siku ile ya akina mama wa kanisa, nilijua. Nilimwambia Mama Kaluki ni za malenge, na nilijua si za malenge.

Mama alicheka mpaka akavua miwani. "Tunajua. Susu alikuwa nyuma ya dirisha la jikoni. Alikusikia."

"Mbona hamkunichapa?"

"Nani akuchape?" Akarudisha miwani. "Mimi ndiye niliyechapwa kwa mdomo siku hiyo, pale kwa zizi. Susu aliniambia, wewe unahangaika na mkono wa mdogo, huyu mkubwa humwoni? Hajacheza tangu uji umwagike. Hajashika mpira. Anakaa kwa kuni kama mtu wa kesi. Akaniambia, mpe na yeye unga."

Nikasema unga ulikuwa umeisha, uliishia kwenye chapati, ndiyo maana Susu akatoa wake.

"Haukuwa umeisha. Wa Mumbua ulikuwepo kwa debe, ungetosha mwezi. Ile pakiti ilikuwa yako."

Niliacha kupepeta. Nikamwambia Mama kwamba miaka hii yote nilifikiri ni adhabu.

Mama aligeuka akanitazama, na nikaona kwamba ameshtuka kweli.

"Kumbe hukujua?" akasema. "Sisi tulifikiri unajua."